Hakipoi Kisichowahi Kuchemka

Kuna jambo limeanza kuonekana katika vikao, semina na migahawa ya Dar es Salaam na Nairobi ambalo, kwa maoni yangu, linafasiriwa vibaya na karibu kila anayelizungumzia. Watu wenye uwezo wao, wengine wakiwa vijana waliozaliwa simu za mkononi zikiwa zimeshaenea nchini, wanaweka mezani kiswaswadu, ile simu ndogo ya vitufe ambayo jirani zetu Wakenya huiita mulika mwizi, na wanaiweka kama mtu wa miaka 20 iliyopita alivyoiweka simu ya bei mbaya, yaani juu ya daftari, mahali ambapo kila mmoja ataiona. Wapo wanaosema huo ni ubahili uliovishwa nguo nzuri. Wapo wanaosema ni kuiga Wazungu waliochoshwa na mitandao. Wapo pia wanaoona ni kejeli kwa maskini. Mimi nadhani wote hao wanaitazama simu na kumsahau anayeishika, na hivyo wanapitwa na kanuni ambayo lugha yetu ilishaitunza katika neno tunalolitamka mara kumi kwa siku bila kulifikiria: kinachowavutia watu si upya wa kitu wala ukale wake, bali ni kule kushuka kwa hiari kutoka katika moto ambao kila mtu anajua ulikuwepo.

Neno lenyewe ni poa. Tunaulizana mambo, tunajibu poa, na kijana akitaka kusifia viatu, gari au tabia ya mtu husema ni poa. Lakini kabla ya kuwa sifa ya mjini, poa ni kitenzi cha jikoni, na kitenzi hicho kina masharti. Uji hupoa kwa sababu ulichemka, chuma hupoa kwa sababu kilitoka kwenye tanuri, na hata hasira hupoa kwa sababu iliwahi kupanda. Maji ya mtungini, kwa upande mwingine, hayajapoa. Hayo ni ya baridi tu, na hakuna mama atakayekwambia usubiri yapoe. Ni kweli kwamba kupoa si sifa kila mahali, maana biashara ikipoa mwenye duka analia, chai ikipoa mgeni anaona amedharauliwa, na mtu akisemwa kwamba amepoa mno huenda wanamaanisha kwamba ni mzito wa kila kitu. Hata hivyo sifa inapokuwepo, huwa imebeba kumbukumbu ya joto. Kati ya cha moto na kilichopoa ipo hali ya tatu, vuguvugu, ambayo haijawahi kumsifia mtu yeyote, nami nitairudia baadaye kwa sababu wengi wetu, pamoja na mimi, ndimo tunamoishi.

Kiswaswadu chenyewe kimepita katika hali hizo zote. Mtandao wa kwanza wa simu za mkononi Tanzania ulipoanza mwaka 1994, kuwa na simu kulikuwa ni jambo la wachache, na hata miaka kadhaa baadaye simu ilivaliwa kiunoni ndani ya kifuko cha ngozi, mwenye nayo akiinua shati kidogo ili isifichike. Muda wa maongezi ulikuwa ghali, tukajifunza kubipu, na kubipu kukawa kipimo cha hadhi: anayebipu alijulikana, na anayebipiwa alijulikana pia. Mwaka 2003 ikatoka Nokia 1100, yenye tochi na kitufe kisichoogopa vumbi, ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na kwa sababu hiyo hiyo ya kumfikia kila mtu ikaacha kuwa ya moto. Zikafuata simu za Kichina zenye laini mbili, antena ya kuvuta kama ya redio na spika iliyotosha kuchangamsha daladala nzima, ambazo nyingi zilizimwa kwa siku moja mwezi Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipofungia simu bandia. Kisha simujanja zikashika usukani. Kwa hiyo kijana anayeweka kiswaswadu mezani leo anaweka kitu ambacho kwa wakati wake kilichemka, kikapoa, kikawa baridi kabisa, na sasa kinasifiwa tena bila hata vitufe vyake kubadilishwa. Kama sifa ingekuwa ndani ya kitu, isingeweza kutoka na kuingia hivyo kama mpangaji.

Nitatoa tukio moja tu, na nalitoa kwa sababu lilinilazimisha kufikiri upya. Katika kikao cha kamati ya harusi mwaka jana, mwenyekiti wetu, mtu mwenye kampuni yake na magari yake, alitoa mfukoni kiswaswadu cheusi na kukilaza karibu na bakuli la karanga. Vijana wa kamati walikisifia mpaka tukasahau kusoma orodha ya ahadi. Wakati wa kuondoka nilichukua bodaboda, na dereva alipotaka kunipa namba yake alitoa simu ya aina ile ile, lakini akaishika kwa kiganja kilichokunjwa, kama anayeficha sigara. Nikamwambia kwamba ndani mle simu kama hiyo imesifiwa nusu saa nzima. Akacheka, akasema, “Bosi, yangu na hiyo zimetoka duka moja, ila yangu haijapanda cheo.” Sijasoma uchambuzi wa suala hili ulionipa mwanga zaidi ya sentensi hiyo.

Hoja ya kwanza inayostahili kupimwa kwa makini ni ya wale wanaosema kwamba watu hupenda kipya, basi, na kwamba haya mengine ni vurugu za kupita. Wana methali upande wao, kipya kinyemi ingawa kidonda, na wana historia. Mwanzoni mwa karne ya 20 miji ya pwani ilikuwa na ngoma ya beni, ambamo vikundi kama Marini na Arinoti vilivaa sare, vikajigawia vyeo vya maofisa na kushindana kwa tarumbeta na karamu zilizowaacha baadhi ya washiriki wakiwa na madeni. Katika miaka ya 1970 bitozi, yaani kijana wa kujipamba, alitembea na suruali ya bugaluu iliyopanuka miguuni juu ya viatu vya raizoni vyenye soli nene, akihatarisha kifundo cha mguu kwa ajili ya heshima. Akaja brazameni, akaja bishoo, na miaka kumi na kitu iliyopita akaja sharobaro, aliyeanza na nywele na kuishia na namna ya kuongea. Wote hao walifuata kipya, na kwa kadiri iwezekanavyo walifuata cha ghali. Siikatai hoja hii. Nasema tu kwamba inaeleza kuchemka na inakomea hapo. Haiwezi kumweleza mwenyekiti wangu, ambaye angeweza kununua simu mpya kuliko zote kikaoni na akaamua vinginevyo, wala haielezi kwa nini uamuzi wake uliwavutia watu ambao bado wanalipia simujanja zao kwa mafungu. Moto huja kwanza, lakini si wa mwisho.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi, kwamba vijana wetu wanaiga Ulaya na Marekani, ambako baadhi ya watu wamerudi kwenye simu za vitufe ili kupumzisha akili. Ni kweli kwamba huko jambo hilo lipo, na kwamba watengenezaji wameliona, ndiyo maana Nokia 3310 iliyotoka mwaka 2000 ilifufuliwa mwaka 2017. Lakini kufufua ni kazi ya maiti, na huku kwetu kiswaswadu hakijafa. Kinauzwa Kariakoo leo kama kilivyouzwa jana, kinachajiwa kwa umeme wa jua vijijini, na ndicho kilichofundisha mamilioni ya watu kutuma fedha kwa kubonyeza vitufe, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Kumwambia Mtanzania kwamba amejifunza kushika kiswaswadu kutoka London ni sawa na kumwambia kwamba amejifunza kula ugali kutoka kwenye tangazo la unga. Zaidi ya hapo, hata kama kuiga kungekuwepo, kusingethibitisha chochote. Beni ilipata jina lake kutoka kwa Waingereza na sare zake kutoka kwa wanajeshi wa kikoloni, na bado hakuna anayeweza kuisimulia historia ya Lamu, Mombasa au Tanga bila kuitaja. Swali la nani alianza huwapendeza zaidi watu waliokosa la kusema juu ya kwa nini wengine walifuata.

Wapo wengine wenye hoja ya manufaa, na hawa nawaheshimu kwa sababu angalau wameitumia simu yenyewe. Betri inakaa siku kadhaa, tochi ina mwanga wa kutosha kuvuka mtaro, redio inashika mpira Jumapili, na kibaka akikupora hulii mpaka asubuhi. Kuna pia faida mpya ambayo hakuna aliyeitabiri. Programu za mikopo ya mtandaoni ziliwahi kusumbua watu kwa kutuma ujumbe wa kuwaaibisha kwa ndugu, wakwe na mabosi, hadi Benki Kuu ya Tanzania ikazipiga marufuku 69 kwa mkupuo mmoja mwezi Novemba 2024, na mwenye kiswaswadu alikuwa hana programu ya kumwingiza katika balaa hilo. Yote ni kweli. Lakini dereva wa bodaboda anayapata manufaa hayo hayo, kwa betri hiyo hiyo na tochi hiyo hiyo, na bado aliificha simu yake. Manufaa yanaeleza kwa nini kitu kinanunuliwa. Hayaelezi kwa nini mmoja anakilaza mezani na mwingine anakikunjia kiganja.

Inabaki hoja nzito, ile ya kejeli. Kuna kitu kinachokera katika kumwona mtu aliyeshiba akifanya mchezo na alama ya mwenye njaa, na jambo hili tumeliona nje ya simu pia. Nguo za mitumba zilipoanza kuzoeleka ziliitwa kafa Ulaya, na aliyezivaa alijitahidi zisijulikane zilikotoka. Leo mabinti wa Nairobi wenye mishahara mizuri wanadamka kwenda Gikomba kabla ya marobota kufunguliwa ili wapate kamera, yaani zile nguo bora za juu kabisa, kisha wanatangaza kwa fahari kwamba wamezipata mtumbani kwa bei ya chakula cha mchana. Katambuga, kandambili za tairi ambazo Wakenya huziita akala, zilikuwa za mchungaji wa mifugo na mbeba mizigo kwa sababu hazichakai, na sasa zinatiwa shanga na kuvaliwa kwenye maonyesho ya sanaa. Mchungaji hajaongezwa hata shilingi moja ya heshima kwa mabadiliko hayo. Nakubali. Ila hoja hii inakosea inapodhani kwamba anayevaa anamcheka mchungaji, kwa kuwa mara nyingi hamfikirii kabisa. Anazungumza na wenzake, wale wanaojua kabatini kwake kuna viatu gani vingine. Kama kuna dhambi, ni ya kusahau, na kusahau kunauma kwa namna yake.

Historia ya Zanzibar inatuonyesha upande wa pili wa jambo hili, na kwangu ndio ushahidi mkubwa zaidi. Kaniki, kitambaa kile cheusi au cha buluu iliyokolea, kilikuwa vazi la watumwa wa kike na la kazi ngumu. Hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa wamekivaa kwa kulazimika hawakukigeuza kuwa pambo la kujidai. Walikimbilia kanga, zenye rangi na baadaye zenye maneno, na wanaume wakavaa kanzu na kofia ambazo zamani walinyimwa. Hakuna aliyewaambia kwamba usahili ni uzuri, na kama angetokea wa kuwaambia angestahili kutazamwa kwa jicho la pembeni. Mtu aliyewekewa baridi na wengine hawezi kuisifia. Anachokitaka ni moto, na ana haki nao. Linganisha na Mwalimu Nyerere, aliyerudi kutoka Edinburgh na shahada ya uzamili mwaka 1952, akaongoza nchi, kisha akasifiwa miaka yote kwa suti yake nyepesi isiyo na tai na kwa kustaafia Butiama mwaka 1985. Kijijini Butiama walikuwepo wazee wengine waliovaa mashati ya kawaida na kulima mahindi, tena bila kupumzika, na hakuna mwandishi wa habari aliyefunga safari kwenda kuyapiga picha mashati yao. Silitaji hili kumpunguzia Mwalimu, ambaye kushuka kwake kulikuwa kwa kweli. Nalitaja kwa kuwa tulichokisifia kilikuwa ngazi aliyoishuka, na mashati ya wazee wale hayakuwa na ngazi nyuma yake.

Kanuni hii ina ukatili mwingine mdogo, nao ni kwamba kupoa hakutangazwi. Chai ukiipoza kwa kuimiminamimina kutoka kikombe hadi kikombe, kila mtu anakuona unavyohangaika. Nimemsikiliza bwana mmoja akieleza kwa dakika 15 kwa nini ameachana na simujanja, jinsi anavyolala vizuri, jinsi anavyosoma vitabu, na kufikia dakika ya tano kiswaswadu chake kilikuwa kimeshachemka upya mikononi mwake, kikiwa na kelele kuliko simu yoyote ya Kichina. Mwenyekiti wa kamati hakueleza kitu. Alikula karanga. Vile vile kanuni haiwagusi wote kwa usawa. Mwanamke akitoa kiswaswadu kikaoni, wengi hudhani simu yake nyingine imeharibika au ameazimwa hiyo na mdogo wake, na mume wa mtu akionekana na kiswaswadu cha pili nyumbani, mke wake hasomi hapo falsafa yoyote ya usahili. Anasoma mchepuko, na uzoefu wa jamii uko upande wake. Moto wa mtu hutambuliwa na wanaomtazama, nao humtambulia wanayemtaka.

Ndipo inapoingia ile hali ya vuguvugu. Mfanyakazi wa kawaida wa mjini ana simujanja aliyoinunua kwa mkopo, kioo kimepasuka upande mmoja, na kifurushi chake cha intaneti kinaisha Jumatano. Hawezi kurudi kwenye kiswaswadu, kwa sababu watu watasema ameshindwa, na hawezi kupanda hadi simu ambayo kuiacha kungeonekana ni uamuzi. Anabaki katikati, akiilinda hadhi ambayo haimpi sifa ya moto wala ya kupoa. Nadhani hapa ndipo penye maana halisi ya mtindo huu wa viswaswadu, kuliko katika afya ya macho au usingizi wa matajiri: umeongeza ngazi moja juu ya ngazi. Zamani ilitosha kuwa nacho. Sasa inabidi uwe nacho, ujulikane kuwa nacho, kisha ukiache, na ngazi hiyo ya tatu ndiyo ghali kuliko zote ingawa bidhaa yake ni rahisi kuliko zote.

Wanaotamani kutumia mtindo huu kwa malengo mema wanapaswa kuliona hilo. Nimesikia wazazi na walimu wakishangilia kwamba hatimaye vijana watapenda simu zisizo na mitandao, na kwamba kinachohitajika ni kuwahimiza kidogo. Umoja wa Vijana wa TANU ulijaribu jambo la namna hiyo kwa nguvu kubwa zaidi ulipotangaza Operesheni Vijana mwezi Oktoba 1968 na kuianza Januari 1969, ukapiga marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na vipodozi vya kuchubua ngozi. Marufuku inaweza kuondoa kitu barabarani kwa muda. Bugaluu na raizoni zilifika baadaye bila kuomba kibali. Mtoto anayepewa kiswaswadu na baba mwenye simu mbili mpya mfukoni hajapoa, amenyimwa, na anajua tofauti hiyo vizuri kuliko baba yake. Vivyo hivyo kampuni zinazouza simu za vitufe kwa bei ya juu, zikiwa na rangi za kuvutia na maneno ya kupumzisha roho, zitamuuzia mtu simu, lakini ngazi ya kushuka haiuzwi dukani.

Kipimo cha kweli kitakuja siku simujanja nzuri itakapokuwa rahisi kiasi kwamba dereva wangu wa bodaboda ataipata bila kukosa kula, kama kila mtu alivyofika mahali pa kuipata Nokia yenye tochi. Siku hiyo, akiamua mwenyewe kutoa kiswaswadu mbele ya abiria, hatakuwa na sababu ya kukunja kiganja. Mwenyekiti wa kamati naye akikilaza chake karibu na karanga, wajumbe watakitupia jicho, watauliza kama kina chaji, kisha wataendelea kusoma orodha ya ahadi.